Swichi Kubwa Nimeishusha Mimi

Kuruthumu,

Nimekwenda Ilagala kwenye hitma ya shangazi yenu, nitarudi jioni inshallah. Migebuka imo sufuriani, uipashe kwa mkaa. Swichi kubwa nimeishusha mimi, mtu asiiguse. Umeme haujakatika.

Asubuhi nilipomaliza kuswali niliitazama mita. Taa zote tumezima, na bado kile kitaa chake chekundu kinawaka na kuzima mbio mbio. Nikashusha swichi. Papo hapo redio ya Sefu kinyozi, hapo nyuma ya ukuta, ikanyamaza. Nikapandisha, ikaendelea na kaswida. Nikarudia, Mungu anisamehe, ikanyamaza tena. Sasa umeme wa gridi unatoka mbali huko, unakuja kwa nguzo, unapita kwenye mita ya mwenye nyumba ndipo uingie ndani. Sefu ana waya wake na mita yake. Kwetu amefikaje?

Simsingizii mtu. Ila kaka yako Khalfani ndiye aliyetengeneza soketi ya ukuta ule, na kichwa chake kinang'aa kila Ijumaa, wala sijapata kumwona akilipa.

Sefu akija kuuliza kama LUKU yetu imekwisha, mwambie, "Kwani wewe umejuaje?" Kisha unyamaze.

Khalfani: ~~usiguse chai yangu mpaka nirudi~~ chai yako imo kwenye chupa, sukari nimetia. Kunywa, halafu ufanye unachojua. Jioni nitaipandisha swichi mwenyewe, sikio nikiwa nimelitega ukutani.

Mama yenu