Pijo Haivai Masta ya Toyota

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimevuka mpaka asubuhi kumwona Elphas, fundi wangu wa upande wa Kenya. Breki. Wiki mbili sasa nakanyaga mara tatu ndipo Pijo isikie. Elphas akalala chini ya gari, akatoka na uso wa daktari mwenye habari mbaya. Raba za masta zimekwisha. Masta ndiyo pampu inayosukuma mafuta ya breki mpaka magurudumuni. Raba za Pijo 504 hakuna Busia nzima. Labda Kisumu, labda Nairobi, labda makumbusho!

Akasema, "Buda, masta ya Toyota ninayo hapa. Natoboa mashimo mawili tu, saa moja hivi unaenda home na breki."

Masta ya Toyota! Ndani ya Pijo! Na Emojong amesimama palepale. Emojong ni dereva mwenzangu wa steji, ana Probox na ana mdomo, na mdomo ndio unaokwenda kasi. Miaka yote tunabishana, yeye na Toyota yake, mimi na Pijo yangu. Nikamwambia Elphas kwa sauti ya kusikika mpaka forodhani: umeona wapi simba akavaa meno ya mbuzi? Gereji nzima ikaanguka kicheko. Emojong akasema, "Wewe cheka tu. Gari yako nakunywa breki kama mlevi nakunywa malwa." Nikajaza mafuta ya breki, nikawasha, nikaondoka kama rais.

Nimeendesha Mombasa. Juba. Goma nimelala wiki nzima. Hakuna kabila la gari sijashika usukani wake. Shule niliishia senior wani, lakini dunia nimeisoma kwa tairi! Na nasema: Pijo.

Jumapili, 2 Machi 2025

Kwaya iko barabarani inangoja kubebwa, nafungua kichupa cha mafuta ya breki — kikavu. Maduka yamefungwa. Lakini mimi si mtu wa kukwama. Juba nilimwona dereva mmoja akitia maji ya sabuni, na akafika alikokuwa akienda. Nikachukua sabuni ya unga ya mke wangu Peninah, nikakoroga, nikamimina. Pedali ikawa ngumu kama mpya! Peninah akauliza sabuni yake inakwenda wapi. Nikamwambia gari nayo inakwenda kanisani, lazima inawe.

Tumefika, tumeimba, tumerudi. Kesho nitatafuta mafuta ya kweli.

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Matayo amekuja kuazima gari, abebe mihogo yake kutoka Mwello mpaka Tororo mjini. Nilikuwa stejini, mafuta ya breki sijanunua bado, Emojong pembeni yangu anakula mahindi. Nilitaka kumwambia Matayo, ukianza kuteremka kanyaga mara tatu, na usibebe mzigo mzito. Emojong akauliza, "Hiyo mzee ya gari itafika kweli?" Basi nikamrushia Matayo ufunguo juu juu, akaudaka. Nikasema: Pijo haina maswali. Kanyaga tu!

Saa kumi jioni. Simu kutoka Osukuru. Nakwenda.

Jumanne, 4 Machi 2025

Mteremko wa Osukuru, pale malori ya mbolea yanapopanda na vumbi jeupe. Matayo ana magunia kumi na manne. Anasema alikanyaga, pedali ikashika. Akakanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu mguu wake ukaenda mpaka chini kama unakanyaga uji. Akalikwepa lori. Akaingia pembeni, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza ndizi mbivu. Jina lake Atai.

Maji ya sabuni yakipata moto yanachemka. Najua. Nilijua hata siku ile ninakoroga. Sijui kwa nini kujua kwangu hakukufika mkononi.

Matayo mkono umevunjika mara mbili, yuko wadini, na askari amekaa mlangoni na gazeti lake. Mama Atai yuko wadi ya pili, nyonga na tumbo. Gari limevutwa mpaka kituo cha polisi. Nimelipitia. Taa moja imetoka kama jicho. Simba wa nembo, pale puani, yuko, hana hata mkwaruzo, mjinga yule.

Matayo alizaliwa ndani ya Pijo hiyo. Si mfano. Kiti cha nyuma! Mzee wetu Ofwono alikuwa anamkimbiza mama hospitali kutoka Paya, hawakufika. Mimi nilikuwa mbele, na miaka kumi na miwili, nimeshika taulo na nimefumba macho. Mzee alipokufa nilimrudisha nyumbani kwa gari hilohilo, viti vimekunjwa. Watu wananiuliza kwa nini nalipenda bati lile. Nitawaambia nini? Wao wana gari. Mimi ile ni nyumba yetu, ila ina magurudumu.

Jumatano, 5 Machi 2025

Nimekwenda stejini. Afadhali ningekaa.

Kelele ilianza kabla sijakaa. Pijo jeneza. Pijo ipelekwe kwa wauza vyuma. Mmoja nisiyemjua kabisa anasema Wafaransa wanatuuzia kifo! Damu ikapanda. Nikasimama juu ya jiwe, nikaitetea kama wakili. Breki zake zimeshika Juba, zimeshika mteremko wa Kapchorwa na ng'ombe wawili ndani. Gari halina kosa! Nikasema — niandike, kwani ninamficha nani hapa — nikasema: tatizo dereva. Gari ni lile lile, mtu ndiye hajui kuendesha.

Huyo mtu ni Matayo.

Emojong ndiye aliyenishusha jiweni. Nilingoja matusi. Akasema polepole, "Pijo, kaa chini. Ndugu yako huyo." Pijo ndilo jina langu stejini, hata mama mkwe ananiita hivyo. Halafu akanipeleka hospitali Tororo kwa Probox yake. Hakuitaja Toyota hata mara moja, safari nzima. Ingekuwa nafuu angeitaja.

Na kinachonikata ni kwamba nilisema kweli. Gari halina kosa. Elphas alinipa dawa nikaikataa ili watu wacheke. Wakacheka.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Peninah amepika uji wa wimbi, nimempelekea Mama Atai mwenyewe. Binti yake Acom alinitazama kama mtu anayetazama nyoka, lakini akapokea kikombe.

Tuliongea Kiswahili cha soko, mimi sijui Kiteso cha kumtosha mgonjwa. Akauliza mimi nani. Nikasema, mwenye gari, mama. Akatabasamu! Akasema, "Hiyo gari mimi najua. Gari ya Ofwono. Yeye kila siku nakwenda Tororo, nasimama kwangu, nanunua ndizi." Kweli. Mzee alisimama pale, na mimi nasimama pale. Miaka.

Akasema wenzake walipiga kelele, wakakimbia. Yeye hakukimbia. Aliona ni Pijo. Alijua itasimama. Alikuwa ameshachagua kichane cha kuniuzia.

Nimemnywesha uji. Nimemchekesha pia, nimemwambia akipona nitambeba mpaka Mombasa akaone maji yasiyo na ng'ambo. Akasema Mombasa mbali, yeye anatosheka kufika Malaba. Halafu nikatoka nje, nikashika ukuta.

Peninah ananitazama. Leo amefua. Ameuliza, bila kunigeukia, sabuni yake ya unga, nusu pakiti nzima, ilisafisha nini pale Jumapili, mbona gari lilirudi na matope yake. Nikachukua daftari, nikatoka nje. Mwanamke huyu hajui kusoma Kiswahili, ndiyo maana naandika Kiswahili. Lakini ananisoma mimi.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Mama Atai amefariki alfajiri.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Kwetu mtu akifia mkononi mwa ukoo mwingine, huendi matangani kichwa kichwa. Wazee wanatangulia. Wazee wetu wa Paya wamekwenda leo. Mimi nimebaki na Matayo.

Sasa si ajali tena, ni kifo. Askari amekuja na karatasi. Matayo amesema ataandika kuwa alikwenda kasi. Nikamuuliza, ulikwenda kasi? Akasema hapana, kaka, lakini itakuwa nilikwenda bila kujua, kwa sababu gari halina kosa. Wewe umesema siku zote. Nimekua nikisikia hivyo. Kama si gari, ni mimi. Hapo kuna mtu gani mwingine?

Hapo kuna mtu gani mwingine!

Amesikia pia nilichosema juu ya jiwe. Busia maneno yanavuka mpaka bila pasipoti. Hakukasirika. Alikubali! Ameamini Pijo kuliko mguu wake mwenyewe. Nani alimfundisha? Nilitaka kufungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka chungwa.

Ana watoto watatu. Mdogo kabisa hajaota meno. Wakimfunga kwa kuua kwa gari, atatoka mtoto anajua kusoma.

Jioni Acom alinikuta kwenye geti la hospitali. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja: "Ile gari ilikuwa na nini? Mimi nataka kujua tu. Mama alisema gari hiyo ni nzuri." Nimesema sijui, dada. Mimi, mtu wa Juba na Goma, ninayejua kila kitu. Sijui.

Jumapili, 9 Machi 2025

Sikwenda kanisani. Kwaya imebebwa na Emojong.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Naandika hapa benchini, kituo cha polisi Tororo, daftari juu ya goti. Leo mkaguzi wa magari anaifungua Pijo. Matayo yuko ndani kwa maelezo, mkono umefungwa plasta mpaka kwapani. Ameomba apewe kalamu ashike kwa mkono wa kushoto.

Emojong amenileta. Njiani alisema neno moja. Kwamba mkaguzi akiona ni gari bovu tu, kuukuu, basi lawama itapungua kwa Matayo. "Acha waseme Pijo ni mbaya. Gari haina jela." Alisema kwa upole, kama anaomba ruhusa yangu.

Fikiria. Nikae kimya tu. Waandike gari bovu, basi, Matayo anapona kidogo, mimi ninapona kabisa. Gari la Mzee linabeba. Limebeba kila kitu cha nyumba yetu, lishindwe na hili?

Lakini kichupa kipo. Hakijavunjika, nilichungulia Jumanne kupitia tundu la ile taa iliyotoka. Povu limekauka ukingoni, jeupe. Mtu yeyote mwenye pua atajua. Na atauliza nani alitia. Na Matayo, ninavyomjua, atafikiri, ataona mimi, kisha atasema: mimi.

Acom amekuja. Amekaa mwisho wa benchi, kitambaa cheusi kichwani. Amesogea nipate nafasi ya kuandika.

Mkaguzi ni kijana, ana ovaroli safi. Amezunguka gari mara mbili. Amempapasa simba puani, sijui kwa nini. Anafungua boneti. Ile boneti inanuna, inataka ipigwe kofi kidogo upande wa kushoto, hakuna anayejua ila mimi. Amepiga katikati. Amepiga tena. Haifunguki.

Amegeuka, anatutazama benchini wote. Anauliza kwa sauti:

"Mwenye Pijo ni nani?"

Miaka ishirini swali hilo nimelijibu kabla halijaisha.