Kiatu cha Kushoto Nyuma ya Pipa

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotuacha, na hatutakuficha: mwaka huo wote tumekulilia, na mwaka huo huo tumekushuku. Siku nyingine tulifanya yote mawili kwenye sahani moja ya chakula. Kwa hiyo kumbukumbu hii ni ya kukuomba radhi pia, na wanaoisoma watuvumilie.

Kushuku tulijifunza kwako. Miaka ishirini na sita ulikuwa dobi wa hospitali, kwenye chumba cha mashine kule nyuma, chenye mvuke na harufu ya dawa, na hukuamini nguo yoyote mpaka uipindue ndani nje. Kola uliinusa. Kwapa ulilivuta kwa vidole viwili, ukasikiliza uzi. Ulikuwa ukisema, "Nguo haidanganyi. Anayedanganya ni aliyeitundika." Wauza mitumba walikubatiza Mzee Pindua, na Jumamosi asubuhi walipokuona ukiingia sokoni walipigiana kelele, "Ficheni mabovu, huyo anakuja!"

Na ulipata, hilo hatukunyimi. Pazia zito la kijani likawa gauni langu la mahafali. Suruali ya jinzi ya mtu mnene wa ajabu ikatoa mikoba minne ya vitabu, na mkanda ukabaki. Mama, fundi cherehani, alikusubiri mlangoni na mkasi mkononi. "Haya, leo umeniletea mgonjwa gani?" Nawe ulimjibu, "Mpime kwanza ndipo umseme."

Kisha uliingia jikoni, maana Jumamosi jiko lilikuwa lako. Uliingia na mfuko mweusi, ukatufukuza wote, ukaurudisha mlango nusu. Ndani ya mfuko mlikuwa na nyanya zilizobonyea, karoti zenye miguu mitatu, viazi vilivyoanza kuchipua, na majani ya figili ambayo watu wengine huyatupa. Mkate uliokauka tangu Jumanne uliusaga kwa chupa ukawa unga wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Maganda ya viazi uliyaosha mara tatu, ukayakaanga yakawa makavu yanayolia mdomoni. Tuliuliza, "Baba, hiki kinaitwaje?" Ukajibu, "Kinaitwa kula kwanza." Tulikula kwa wasiwasi, tukipindua kila kijiko kama wewe ulivyopindua kola, na sufuria ilirudi kwenye karai imekombwa.

Mama naye alikula, ila hakula kimya.

"Ulitoka hapa na pesa ya mitumba tu. Hizi nyanya zimetoka wapi?"

"Za mwisho wa soko, mke wangu. Watu wana roho nzuri."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Na huyo Roho Nzuri ni mwanamke au mwanamume?"

Hapo ndipo ulipokumbuka kwamba mchuzi unahitaji kukorogwa.

Kulikuwa na jambo la viatu pia. Mguu wa kulia wa Mama ni mkubwa kuliko wa kushoto, kwa namba mbili nzima. Amezaliwa hivyo. Nyumbani kwetu jambo hilo halikutajwa hata siku moja. Leo tunalitaja kwa ruhusa yake. Kabla hujamwoa alikuwa akijaza vitambaa ndani ya kiatu cha kushoto, na akisimama kwenye kundi la watu alihakikisha mguu mmoja uko nyuma ya mwingine. Wewe ndiye uliyemletea viatu vilivyomkaa miguu yote miwili. Kushoto kidogo, kulia kikubwa, rangi moja, mkanda mmoja. Ulimwambia, "Vimekosewa kiwandani. Ndiyo maana vikatupwa mitumbani."

Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya pili alisema ana bahati. Mara ya tano alianza kukutazama kwa jicho la pembeni.

"Viwanda vyote vinakosea upande ule ule?"

"Kila kiwanda kina mlevi wake."

"Na hizi namba kwenye soli, mbona zimekwanguliwa?"

"Zimekanyagwa, mke wangu. Vilivaliwa."

"Wamekanyaga namba tu, kwingine wakaruka?"

Miaka kumi na tisa alikuuliza hivyo, na miaka kumi na tisa ulimjibu hivyo hivyo. Ulitoka sokoni saa kumi jioni, jozi moja ya viatu mkononi, na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Shangazi, dada yako wa damu, alikuwa akisema, "Namjua ndugu yangu. Hajui kusema uongo. Akianza, basi kuna jambo."

Siku tuliyokuzika, watu walijaa nyumbani na viatu vikarundikana mlangoni. Shangazi ndiye aliyeona. Katika rundo lile palikuwa na viatu vya Mama, vile vya rangi ya maruni vyenye mkanda na kifungo cha shaba. Hatua mbili kutoka hapo palikuwa na viatu vingine, vya maruni, vyenye mkanda na kifungo cha shaba. Akaangalia ndani, akamwona mwanamke wa makamo ameketi kwenye kona, hakuna anayemjua, vidole vimeshika weusi wa kuchambua mboga. Alikuwa analia kilio cha mtu aliyefiwa na wa kwake.

Baba, hebu fikiria tulivyofikiri. Mboga za bure, Jumamosi nzima nje, namba zilizokwanguliwa, na sasa wanawake wawili wamevaa viatu kutoka mkono mmoja.

Shangazi alichukua kiatu cha kushoto cha yule mama, akakificha nyuma ya pipa la maji, akaninong'oneza, "Atakayekuja kuulizia kiatu, tutamuuliza ya kwake." Lakini hakuulizia. Alipotoka alipekua rundo, akaona viatu vya Mama, akaviangalia sana. Akatuangalia na sisi tulivyomkodolea macho. Akavaa kile kimoja, akaondoka, mguu wa pili pekupeku kwenye kokoto. Hilo linatuuma mpaka leo.

Kuanzia hapo Mama aliweka viatu vyake vyote kwenye boksi, akawa mtu wa kandambili. Picha yako aliigeuza ikatazama ukuta. Hakulia mbele yetu, wala hakukutukana. Aliuliza tu, mara nyingine akiwa amekanyaga cherehani, mara nyingine akimenya kitunguu, kama anayeongea na sindano: "Miaka yote hiyo, mimi nilikuwa nani?" Na mwezi uliopita, nilipochukua karatasi kupanga kumbukumbu hii, alisema, "Andika watoto. Andika dada yake. Jina langu acha, mpaka nijue nilikuwa nani kwake."

Nikaenda kukitoa kile kiatu nyuma ya pipa, kimeota ukungu. Kwa kweli nilitaka kukitupa. Mama akasema, "Lete hapa."

Alikitoa boksini kiatu chake cha kushoto, akaviweka sambamba. Cha yule mama kilikuwa kikubwa zaidi. "Ana guu hili," Mama akasema, na nadhani lilimpa faraja kidogo. Kisha mkono wake ukasita. Akakitoa na cha kulia, akakiweka pembeni ya kile cha ukungu. Urefu mmoja. Mshono mmoja. Akafanya ambacho ungefanya wewe: alivipindua. Aling'oa soli ya ndani ya kimoja, akang'oa ya kingine, na chini yake, mahali ambapo wembe wako haukufika, palikuwa na namba. Arobaini. Arobaini.

"Hiki ni pacha wa changu," Mama akasema. Aliviweka mapajani. "Sasa yule mwanamke amevaa kiatu changu, au mimi ndiye niliyevaa chake?"

Tulikwenda kwa fundi viatu wa pale sokoni, yule wa benchi la bluu. Alipoviona tu aliweka sindano chini.

"Nilijua iko siku mtakuja. Mzee aliniapisha."

"Apa upya," Mama akamwambia, "mbele yangu."

Ndipo akatueleza. Kila ulipopata viatu vizuri namba thelathini na nane, ulizunguka soko zima kutafuta vingine vinavyofanana navyo, namba arobaini. Vinavyofanana kabisa ni nadra, basi ulichukua vinavyokaribiana, na yeye akavipaka rangi moja na kuvibadilisha mikanda mpaka vikawa ndugu. Kushoto kidogo na kulia kikubwa vilikwenda nyumbani. Vilivyobaki, kushoto kikubwa na kulia kidogo, vilikaa kwenye gunia lake miaka mingi bila mwenyewe. Mpaka siku moja muuza mboga wa ng'ambo ya njia alipokuja kushonewa kandambili, fundi akamwona: mguu wake wa kulia uliungua utotoni, ukabaki mdogo.

"Nilipomwambia Mzee, alicheka mpaka akaketi chini," fundi alisema. "Akampelekea gunia zima. Tangu hapo yule mama hakumwacha aondoke sokoni mikono mitupu."

Mama akauliza, "Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alisema, 'Mke wangu hapendi miguu yake isemwe. Nikimwambia ninavyovitafuta, nitakuwa nimeisema.'"

Mama aliomba maji. Alipomaliza kunywa, fundi alivuta kitu chini ya benchi. Jozi mbili nyeusi, hazijapakwa, ulizomletea Jumamosi yako ya mwisho. Mama akavaa vyake pale pale. Viwili vilivyobaki akavishika mkononi pamoja na kile cha ukungu, akavuka njia.

Muuza mboga alipomwona alisimama. Hakumtazama usoni, alimtazama miguuni.

"Nimekuletea kiatu chako, dada," Mama alisema. "Kilikuwa nyuma ya pipa letu. Tulikukosea, tena siku ya msiba. Utusamehe."

"Na mimi nilikukosea. Nilipoona viatu vyako pale mlangoni nilijiambia, kumbe mzee alikuwa na mwingine wa kumletea viatu. Na mimi aliniambia vimekosewa kiwandani!"

"Kila kiwanda kina mlevi wake?"

"Hivyo hivyo! Neno kwa neno!"

Walicheka wameshikana mabega mpaka wateja wakaacha kuchagua nyanya. Kisha Mama akalia, kilio cha mwaka mzima, juu ya fungu la mchicha la mwenzake.

Sasa Jumamosi wanakwenda mitumbani wote wawili, kwa sababu mmoja hawezi kununua bila mwingine. Wanapindua kila kitu na kubishana. Jioni Mama anarudi na mfuko mweusi, anaurudisha mlango wa jiko nusu, na tukimuuliza tunajua tutakachojibiwa. Picha yako inatazama mezani.

Usidhani tumeacha kukushuku, Baba. Aliyeficha jambo miaka kumi na tisa hakosi la pili. Ile supu ya mwaka wa mvua nyingi uliyotuambia ni ya kuku, huyo kuku hatukumwona, wala manyoya yake.

Unakumbukwa na binti yako aliyeandika haya, na mwanao fundi umeme, anayelivaa bado koti ulilompindulia. Unakumbukwa na dada yako, ambaye siku hizi anadai alijua ukweli tangu mwanzo, na fundi wa benchi la bluu, na muuza mboga wa ng'ambo ya njia.

Nilimsomea Mama majina hayo leo asubuhi. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na viatu vyake vyeusi, miguu miwili sambamba.

"Langu mbona halimo?"

"Ulisema niliache."

"Liandike. Na namba zangu uziandike, wazisome wote."

Hatukukusahau, Baba, wala hatutakusahau.

Mkeo: kushoto thelathini na nane, kulia arobaini.