Wali wa Siku ya Saba

Mandalay, mwezi wa Nadaw

Mdogo wangu mpendwa Saw Yin,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi miwili. Barua zako zote tatu nilizipokea. Je, goti lako limepata nafuu, na mkweo Mi Khaing ameanza kula? Mimi mwili ni mzima.

Tulikuwa watawa themanini hapa monasterini, tumebaki tisa. Askari walipowapiga wenzetu walioandamana wakisoma dua ya upendo kwa viumbe vyote, tuliyageuza mabakuli yetu ya sadaka kifudifudi: hatupokei chakula cha askari wala cha jamaa zake. Hatuna silaha nyingine. Asiyepokelewa sadaka hapati thawabu, na jambo hilo hata majenerali wanaliogopa.

Mimi nilichelewa kuligeuza langu, na wanafunzi wangu wa sarufi walinitania sana. Nandiya, mkali wao, aliniuliza mbele ya wote eti bakuli la babu lina shingo ngumu, mbona haligeuki? Nilicheka nao. Sasa yumo gerezani, amevuliwa joho la utawa.

Unauliza ni mtawa gani aliyeukataa wali wa sadaka wa siku ya saba ya kifo cha mwanao Zeya, maana mjane wake Mi Khaing hataki kumtaja. Unasema Zeya alikuwa mpishi tu wa kambi, amekufa kwa malaria, hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Na kwamba bila wali ule kupokewa na mtawa, roho yake ingali inazunguka jikoni mwako, haijui kuwa amekufa.

Ni mimi, Saw Yin. Mi Khaing alipiga magoti langoni, akaniita Mjomba, akasema ni kijiko kimoja tu. Nikaligeuza bakuli. Ningependa kukuambia kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya amani. Sivyo. Nandiya alikuwa nyuma yangu, nami niliogopa kuchekwa.

Unaniomba niupokee wali huo sasa. Langoni wamekaa maofisa wenye kamera, wakimngoja mzee mmoja tu apokee chakula cha familia ya askari, watangaze gazetini kwamba watawa wamesamehe. Nandiya atasomewa habari hiyo gerezani. Nisipopokea, mwanao hana pa kwenda. Nimefundisha miaka arobaini, na sijui la kufanya.

Usije kwanza. Nitakapokata shauri, nitakuandikia, liwe zuri au baya.

Msalimu Mi Khaing. Mwambie asiendelee kunisitiri.

Kaka yako,
Kovida