Mizunguko Mitatu ya Juu

Gisenyi, 11 Februari 2024

Shangazi Donatille,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Ng'ombe wazima? Mimi sijambo, kazi ofisini ni mihuri tu. Nakuandikia barua kwa sababu simu unasema inakupigia kelele, na Jado wa gari la maziwa anapita hapa kila siku.

Leo nimefagia chini ya kitanda nikaona aibu. Skafu ya sufu imefika nusu, gitaa halina nyuzi, daftari la hadithi limeishia ukurasa wa kumi na moja. Naanza kwa moto, kitu kikipinda kidogo nafumua, nikifumua nachoka. Nyuma kabisa nikakuta agaseke ya marehemu mama, kile kikapu ulichonipa tulipomzika. Hakina mfuniko. Nataka nimalizie hiki kimoja tu. Nielekeze.

Mwanao,
Umutesi

Mudende, 25 Februari 2024

Umutesi mwanangu,

Marahaba. Ng'ombe wazima, viazi ndivyo vimeharibiwa na mvua. Jicho la kulia limeshafunga. Daktari kasema la kushoto nalo litafuata, hana dawa ya kulizuia.

Kwa hiyo usikawie. Agaseke isiyo na mfuniko hatumpelekei mtu, na mama yako aliihamisha hivyo hivyo toka ukimbizini Karagwe. Nataka niione imefunikwa, kwa jicho hili lililobaki. Jado anakuletea nyasi na katani. Kila ukimaliza mzunguko, jaribu mfuniko juu ya mdomo wa kikapu. Ukipinda, endelea.

Shangazi yako

Gisenyi, 16 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Uzima upo, ila nimefanya kosa na nimeogopa kukuambia.

Mfuniko ulikataa kukaa. Nikatazama vizuri, nikaona mizunguko mitatu ya juu ya kikapu chenyewe imepinda, wa pili umetoka nje kabisa. Mama hakuwa mtu wa kazi mbaya. Nikaifumua yote mitatu nianze upya, na sasa sijui kuirudisha. Kikapu kimerudi chini ya kitanda. Nisamehe.

Umutesi

Mudende, 23 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimesomewa barua yako mara mbili, na hii inaandikwa na jirani. Sasa naona mwanga wa dirisha tu.

Mizunguko ile haikuwa ya mama yako. Ilikuwa yako. Ulikuwa na miaka sita, ukamnyang'anya sindano, ukashona ulimi nje. Mimi nikamwambia, fumua. Akasema hapana, mtoto ameweka mkono wake hapa. Hakufunika kikapu kwa sababu alisema mfuniko utaufanya wewe ukikua.

Niliuma midomo niliposikia umefumua, sikufichi. Lakini aliyeishona bado yupo. Shona tena. Usinitengenezee kizuri, nitengenezee kile.

Shangazi yako

Gisenyi, 3 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko gizani? Nimechelewa, najua, na jicho halikunisubiri. Hilo linaniuma na litaendelea kuniuma.

Mzunguko wa kwanza ulikaa sawa. Wa pili ukatoka nje, na mkono wangu ukaenda kufumua wenyewe. Nikaificha sindano kwenye kopo la sukari, nikaenda ziwani nikatembea mpaka hasira zikaisha. Siku ya pili nikaendelea kutoka pale pale. Mfuniko nao nimeufumua mara moja tu. Umekaa upande, ukiusukuma kidogo unafunga. Jado anakuja na kikapu, nimekifunga kwa kitenge.

Umutesi

Mudende, 5 Novemba 2024

Dada Umutesi,

Habari ya siku mingi? Mi Jado ndiyo niko naandika, jirani ya mama iko shamba. Kikapo kimefika muzuri, maziwa haikumwangikia.

Mama amekipakata tangu asubui. Amefungua, ametosha mufuniko, amerudisha, ametosha tena. Kisha amepitisha kidole kwa mudomo ya kikapo, pole pole, anahesabu. Kwa ya pili amesimama. Bon, amecheka mpaka machozi ikatoka, mi nikafikiri amegonjwa.

Ndiyo ameniambia niandike hivi, neno kwa neno:

"Imepinda palepale. Nimeiona. Sasa niletee ile skafu, Mudende kuna baridi."