Kikwembe ya samaki

Gasaro, Maman Muhire amejifungia ndani, hataki kuona muntu.

Si unajua televisheni yake iliungua? Leo ikabidi aende kuangalia mutoto wake Muhire kwenye mechi ya kufuzu, kwa jirani. Kwa Mukankusi!

Ndiyo, Mukankusi. Ule alikimbia vita Bukavu, akavuka mupaka na televisheni kichwani. Ule ule Maman Muhire anamuitaga mwizi tangu kikwembe yake, ile kitenge ya picha za samaki, ilipopotea kwenye kamba ya nguo.

Akakaribishwa, akapewa chai. Hakusema hata aksanti.

Kule Lesotho theluji inaanguka, mpira hauonekani. Batoto betu bote banatetemeka, isipokuwa Muhire golini. Maman akaanza kujisifu: "Ule nilimulea na maziwa!"

Mara Muhire akaruka kudaka mpira, jezi ikapanda. Ndani amejifunga kikwembe tumboni.

Ya samaki, Gasaro. YA SAMAKI. Kamera ikasogea karibu kabisa.

Maman Muhire ameshika kikombe tu, hanywi.

Mukankusi hakumugeukia hata. Akasema polepole, macho kwenye televisheni: "Aikaze vizuri, baridi isimupate mutoto wetu."