Hija Yako na Goti Langu

Mama Rahma,

Watu wengi hukosea kuhusu mlima: wanaogopa kupanda. Kupanda kunachosha tu. Anayeanguka huanguka akishuka, kwa sababu uzito wote huuelemea mguu wa mbele, na goti ndilo breki. Nimesomesha fizikia miaka yote ile, na juzi nikalisahau hilo.

Nikueleze. Tokea utangulie mbele ya haki, Rahma kahamia kwangu hapa Mawaleh, Maskati. Anapika kahawa kwa birika lako, iliki anatia kupita kiasi, nami nakunywa hivyohivyo.

Nilikuahidi, ukiwa kitandani, kwamba ntakuhijia. Mwenye kumhijia mwengine lazima awe keshahiji mwenyewe, na mimi nilihiji mwaka ule wewe ulipobaki nyuma kumuuguza mama yangu. Ulinipa mkono mlangoni, ukarudi ndani kwake. Hukupata nafasi nyengine.

Hija ni miguu, basi nikataka kujizoeza. Rahma akanicheka: "Baba, goti lako lishastaafu, bado wewe tu kupewa barua." Kwa hivyo juzi asubuhi nikamwambia nakwenda sokoni kununua ndizi, nikaendesha gari mpaka Riyam, nikashika ile njia ya mlimani ya kwendea Matrah tuliyokuwa tukipita Ijumaa. Ulikuwa ukikaa kwenye jiwe kunisubiri, unasema, "Weye mlima huupandi, unabishana nao."

Kupanda nilipanda, nikisoma talbiya, ile labeka ya mahujaji, kimoyomoyo. Nilipoanza kushuka, changarawe ikateleza, goti likakataa. Halikuuma sana. Lilikataa tu. Nikakaa, mguu mmoja umening'inia juu ya korongo, mikono imeshika jiwe lililokwisha kupata moto. Simu haina mtandao. Na Rahma, ambaye angenitafuta, angenitafuta kwenye ndizi.

Niliogopa, Mama Rahma. Nikianguka, hija yako nayo imeanguka. Kisha likanijia la kutisha zaidi: hata nikiokoka, goti hilihili litakataa hijani, pale Mina, katikati ya umati, nimeshatia nia kwa jina lako, nami siwezi kwenda mbele wala kurudi.

Nikashuka kwa makalio, jiwe baada ya jiwe. Kanzu ikachanika. Nilipofika chini, jua lilikuwa utosini na vidole vimechubuka kwa mawe hata chupa ya maji haifunguki. Dada mmoja wa Kitanzania, aliyekuwa akimtembeza mtoto wa bosi wake, akaichukua akanifungulia. "Shikamoo babu. Nani alikuwa anakukimbiza?"

Nikamwambia nilipanda kwa ajili ya mke wangu. Akauangalia mlima, akingoja na wewe ushuke.

Nikamshukuru, nikaingia garini.

Rahma keshahiji, na ana miguu. Nililijua hilo tokea mwanzo. Nikaing'ang'ania hija yako kwa kuwa nilitaka kwenda mwenyewe, nikuoneshe kwamba sikusahau ulivyobaki. Lakini nikiendelea kung'ang'ania, utaikosa mara ya pili, na safari hii itakuwa kwa ukaidi wangu.

Kwa hivyo nakuahidi jengine: siku ya Arafa ntafunga, ntakaa kwenye mkeka wako, nikuombee mpaka jua litue. Pumzika, mwenzangu. Mungu akulaze pema.

Kumwambia Rahma hili kwa mdomo naona haya, baada ya uongo wa ndizi. Barua naiacha wazi mezani, aisome.

Rahma, mwanangu, jiandikishe leo kumhijia mama yako.