Mbegu za Mama Kwenye Dirisha la Jikoni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima, ila goti la baba linamsumbua kila akipanda ngazi, naye hushikilia kwamba zilizozeeka ni ngazi.

Mimea uliyoniachia ulipohamishwa kikazi haijambo. Ule wa majani mapana niliuweka kwanza dirisha la sebuleni, jua la mchana likaubabua. Sasa uko bafuni na umenawiri, unapenda mvuke kama wewe mwenyewe. Ule wa miiba ndio umehamia sebuleni, na haulalamiki. Dirisha la jikoni, lenye jua laini la asubuhi, nililitenga kwa ajili ya mbegu za mama.

Najua hapa umekaa vizuri usome. Ndizo mbegu za mwisho alizokusanya kwa mkono wake kabla hajafariki, na ulinikabidhi mimi kwa kuwa chumba chako cha kwanza huko hakikuwa na dirisha la maana. Nilikuandikia kwamba zimeota. Nilikuandikia pia kwamba kila asubuhi baba huvuta kiti jikoni, akanywa chai mbele ya kopo nililozipandia na kuligeuza kidogo ili miche isiinamie kioo. Hilo la baba ni kweli tupu.

Dada, mbegu hazikuota. Unanijua, fundi cherehani, nimezoea kuficha mshono. Basi nikazifukia zote na kushindilia udongo kwa kidole gumba. Wiki tatu, kimya. Nilipomweleza muuza miche, alishika kichwa, akasema mbegu ndogo namna ile hulazwa tu juu ya udongo wenye unyevu, maana zinataka mwanga. Nililia mbele ya wateja wake bila aibu. Kisha nikanunua miche inayofanana, nikaipanda kwenye kopo lilelile, nikafunga mdomo. Ningemwambiaje baba, ambaye tangu kopo liwekwe dirishani ameanza tena kumaliza chakula chake?

Jumamosi ua la kwanza likachanua. Jekundu! Ya mama yalikuwa ya zambarau. Baba aliliangalia mpaka chai ikapoa. Nikamwambia yote, nikainamisha kichwa kusubiri kugombezwa. Akasema ua jekundu halina kosa, likae palepale. Halafu akafungua kifuko chake cha miwani, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na mbegu nane za mama. Alizichota kwenye bahasha uliyonikabidhi kabla sijapanda, kwa sababu, alisema, ananijua tangu mdogo: hata maharage ya somo la shule niliyafukia kama nazika paka. Tulicheka, dada, kisha tukalia, kisha nikampashia chai.

Mbegu saba zimo kwenye karatasi hiyo ndani ya bahasha ya barua hii, usiitupe. Zilaze juu ya udongo, usizifunike, tandaza nailoni juu ya kopo, uziweke kwenye dirisha la chumba chako kipya linalopata jua la asubuhi. Nisamehe kwa uongo wangu. Wasalimie wote unaofanya nao kazi, nawe jitunze kifua.

Mbegu ya nane baba ameirudisha kwenye kifuko cha miwani. Anasema na wewe pia anakujua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,

Kitinda